Mutoto wa Mugongoni

Mujukuu wangu Furaha,

Hapa Kalemie tuko wazima. Mama yako anaumwa jino, lakini kusema hajaacha. Unaniuliza ubebe nini mukienda kupanda mulima wa hifadhi kuona wanyama. Beba maji. Ndagala, zile samaki ndogo za kukausha, acha nyumbani.

Mimi, musichana bado, nilizibeba, kwa sababu sisi wa ziwani hatutembelei watu mikono mitupu. Getini walikataza chakula, basi nikazifunga mugongoni kwa kitenge kama mutoto. Mulinzi kijana akanusa, akasema, "Huyu kweli mutoto wa ziwa, Mama," akanipisha, akapanda nasi.

Kule juu nyani akanirukia, akanyakua furushi, akakimbia. Mulinzi akapiga kelele, "Mutoto!" akamufuata ndani ya miiba. Akarudi anavuja damu, analia: "Mama, nisamehe, nimekuta kitenge tu."

Ikabidi niseme: "Papa, zilikuwa ndagala."

Akanigeuzia mugongo, akatangulia kushuka mpaka chini. Lakini nilikuwa nimeshamuona muntu anayelilia mutoto asiye wake, na sikutaka anipotee.

Babu yako anakusalimia. Mpaka leo hali ndagala.

Bibi yako