Mwendo wa Tegar

Cimahi, 12 Februari 2022

Mama,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii inakukuta kifua kimetulia, na moshi wa kukaangia tempe za soya haukusumbui kama nilivyokuacha. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini usimwambie baba mkubwa Wagiman, ataanza tena kusema huku hawajui kupika wali.

Uliniuliza hii kazi ninayojifunza ni kazi gani hasa, maana majirani wanakuuliza nawe huna la kuwajibu. Nachora mtoto kwenye kompyuta. Nikishamchora namkata vipande: kichwa peke yake, shingo, mkono wa juu, mkono wa chini, paja, muundi, wayo. Kila kipande kinalala kwenye tabaka lake. Kisha namtia mifupa. Ni mistari tu ambayo mtazamaji haioni, lakini kila mfupa naufunga kwenye mwenzake, ili paja likiinuka muundi ufuate, na muundi ukifuata wayo usibaki nyuma. Jumatatu nilisahau kuufunga mkono wa kulia. Mtoto akapunga, mkono ukaruka mpaka pembeni ya skrini, ukabaki huko unapunga peke yake. Darasa zima lilicheka. Nami nilicheka, halafu nikaenda chooni nikalia.

Mtoto mwenyewe anaitwa Oding, mchunga bata, na atakuwa kwenye kipindi cha televisheni. Anayetusimamia ni dada Imas, mwenye mdomo kama pasi ya moto. Jana alisimama nyuma ya kiti changu.

"Wening, huyu anatembea au anasukumwa?"

"Anatembea, dada."

"Kabati la kwetu likihamishwa lina madaha kuliko huyu. Katafute mwendo. Mwendo wa mtu, sio wa kitabuni. Ijumaa ukija mikono mitupu, hicho kiti nampa mwingine."

Sitaki kurudi, mama. Nisamehe kuliandika waziwazi. Si kwamba sikutaki wewe. Ile nyumba ndiyo siiwezi, jinsi kila kitu ndani yake kinavyosubiri.

Nitautafuta huo mwendo.

Mwanao,
Wening


Semanu, 15 Mei 2022

Nduk, mwanangu,

Wa alaikumu salam. Kifua kimepoa, sasa magoti ndiyo yameshika zamu. Huku mvua imekatika mapema na karanga zimetoka ndogo kama meno ya mtoto. Nimefurahi kiti chako hujanyang'anywa.

Idi imepita, hukuja. Nilipika kuku wa tui, na kwa mazoea nikakupakulia. Baba yako mkubwa akaivuta sahani. Nikamwambia, "Shemeji, hiyo ya Wening." Akasema, "Akija nitamtapikia." Tulicheka mpaka tukaona aibu, maana nyumba hii ilikuwa haijasikia kicheko siku nyingi.

Sasa sikiliza. Oktoba mdogo wako Tegar anatimiza siku elfu moja tangu atutoke. Dua ya siku ya tatu nilipika, ya saba, ya arobaini, ya mia, zote nilipika. Hii ndiyo ya mwisho. Tutang'oa vile vibao vya mti kaburini, tutaweka jiwe, na baada ya hapo mama hatakiwi tena kumwita mtoto kana kwamba yuko uani. Jiwe nimeshamwagiza fundi. Nauogopa mwezi huo, Nduk, na nautamani. Nimechoka. Kila asubuhi masikio yangu bado yanakwenda mlangoni yenyewe. Nikilivuka hilo jiwe, nadhani nitaweza kulala. Nisipolivuka, sijui nitakuwa mtu gani.

Uje. Sitaweza kuliweka peke yangu.

Mama yako


Cimahi, 2 Julai 2022

Mama,

Assalamu alaikum. Magoti yanasemaje? Nimempa kondakta wa basi la Wonosari mafuta ya kuchua, ukayachukue kituoni.

Nimeajiriwa. Oding alipata mwendo. Dada Imas aliutazama, akaurudia, akaurudia tena, halafu akasema, "Huyu umemwona kwa macho," akaondoka bila tusi hata moja. Kipindi kimeshaanza, kila Jumamosi asubuhi. Watu wanaupenda ule mwendo kuliko hadithi yenyewe. Nyie msihangaike kukitazama. Ni cha watoto, kelele tupu, na televisheni yetu ni mbovu.

Kuhusu Oktoba, nitaomba ruhusa. Huku kazi haishi, tunamaliza kila kipindi siku chache tu kabla hakijarushwa, lakini nitaomba.

Mwanao,
Wening


Semanu, 30 Julai 2022

Nduk,

Wa alaikumu salam. Mafuta nimeyapata. Wewe ni mzima? Unalala?

Jumamosi nilikwenda kwa mama Parti kurudisha kinu. Watoto wamejaa mbele ya televisheni. Mama Parti akaniita, "Njoo umwone mtoto wa bintiyo!" Nikamwambia binti yangu hana mtoto. Akasema, "Huyu hapa, mchunga bata."

Nikatazama. Alikuwa anakuja kwenye tuta la shamba, bata mbele yake. Mguu wa kushoto umepinda kwa ndani. Bega la kulia linashuka kuusaidia. Halafu, mwisho wa hatua, kile kiruko.

Kinu kilinidondoka kwenye vidole vyangu vya mguu. Sikuhisi kitu. Watoto walikuwa wanacheka, na mimi nikawaambia, "Nyamazeni, atawasikia."

Ulimtoa wapi, Wening? Mimi nimemtafuta miaka miwili na nusu kwenye kila kona ya nyumba hii, kumbe yuko kwako. Sina hasira. Usidhani nina hasira. Nimeuza wale kuku wawili nikatengenezesha televisheni.

Mama yako


Cimahi, 9 Agosti 2022

Mama,

Assalamu alaikum. Vidole vyako vikoje? Nenda zahanati, tafadhali.

Mama, yule si yeye. Nakuandikia polepole ili unielewe. Nilikuwa na wiki moja ya kutafuta mwendo, na kila mwendo niliouchora ulikuwa umekufa. Siku ya mwisho niliacha kufikiri, mkono wenyewe ukauchora mwendo wa Tegar, kama mtu anavyoandika jina lake. Sikuwa na picha wala video. Sikujua kwamba nilikuwa nimeuhifadhi mzima namna ile: bega, wayo, kile kiruko kana kwamba ardhi imemtekenya.

Lakini ni michoro kumi na sita, mama. Hiyo tu. Mchoro wa mwisho unaungana na wa kwanza, na kompyuta inazungusha. Ndiyo maana anaweza kutembea asubuhi mpaka jioni. Hachoki kwa sababu hayupo.

Usiahirishe dua. Nakuomba. Uliniandikia mwenyewe kwamba usipolivuka lile jiwe hujui utakuwa mtu gani. Mimi nina hofu nimeanza kujua.

Mwanao,
Wening


Semanu, 4 Septemba 2022

Nduk,

Wa alaikumu salam. Mimi sijawa mzima hivi tangu ujana wangu, kwa hiyo punguza hofu. Hata magoti yamenyamaza.

Nina mambo ya kukuambia uyapeleke huko kazini. Kipindi kilichopita mlimnyeshea mvua kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hamjui kifua chake? Pili, hali chakula. Sijamwona akila hata mara moja. Jumamosi namwekea tiwul ya muhogo na mboga mbele ya televisheni, lakini yeye yuko mbioni na bata wake. Tatu, sauti si yake, ila hilo nimelisamehe, watoto hubadilika sauti.

Baba yako mkubwa alikuja.

"Shemeji, jiwe liko tayari. Fundi anauliza alilete lini."

"Asubiri."

"Asubiri nini? Siku elfu haiahirishwi kama harusi ya mjini."

"Utamwekea jiwe mtu anayetembea?"

"Sumirah! Ile ni katuni na bata! Unataka majirani waseme nini?"

"Waseme. Wao Jumamosi hawana wa kumsubiri."

Akavaa kofia yake, akatoka bila kunywa chai.

Watoto wa hapa wote sasa wanatembea kama yeye. Wanamfuata Yayuk, mpwa wa mama Parti, yule mwenye mguu mfupi, wanamwita, "Oding! Oding! Bata wako wako wapi?" Alikuja kwangu analia. Nikamwambia ajivune.

Mama yako


Cimahi, 2 Oktoba 2022

Mama,

Assalamu alaikum. Sikuulizi hali leo, kwa sababu utaniambia u mzima na sitaamini.

Yayuk hayuko peke yake. Kituo cha televisheni kimepokea malalamiko kutoka kila upande, wazazi wa watoto vilema wanasema wana wao hawatoki tena nje. Juzi tuliitwa wote mkutanoni. Uamuzi ukawa: mguu wa Oding unyooshwe. Dada Imas akanitazama kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake.

"Kazi hii naweza kumpa mwingine, Wening."

"Nitaifanya mwenyewe, dada."

"Una uhakika?"

"Aliyemkunja ni mimi."

Nilifungua mifupa yake. Niliuzungusha wayo wa kushoto mpaka ukatazama mbele. Bega likapanda lenyewe, kwa kuwa halikuwa na kitu tena cha kusaidia. Kisha nikafuta kile kiruko, michoro miwili, na nikahifadhi kazi juu ya ile ya zamani. Hakuna nakala. Nilihakikisha hakuna, ili mimi pia nisirudi kuitafuta.

Maana na mimi nilikuwa namtazama, mama. Nilikuwa nafika kabla ya wenzangu, nafungua ile kazi, namwacha atembee kwenye skrini tupu, bila shamba, bila bata. Kwa hiyo usidhani nimekunyang'anya cha kwako peke yako.

Jumamosi hii utamwona mtoto wa watu, anayetembea kama watoto wote. Usimtafute Tegar ndani yake. Nimemtoa. Muite fundi alete jiwe, upike ile dua, na ukiniandikia kwamba ipo, nitapanda treni siku hiyo hiyo. Tutaliweka pamoja.

Mwanao,
Wening


Semanu, 20 Novemba 2022

Nduk, mwanangu,

Wa alaikumu salam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenyezi Mungu akupe umri, akupe mume mwema, akubariki mikono yako yote miwili.

Nisamehe kuchelewa. Kila nikishika kalamu nilikuwa nalia, na karatasi ni za kununua.

Niliona. Alitoka nyuma ya banda la bata, nikadhani macho yangu yana ukungu, nikayafuta kwa ncha ya kanga. Akaweka mguu wa kushoto chini, umenyooka. Akaweka wa kulia. Wa kushoto tena. Nilipiga yowe mpaka mama Parti akaja mbio na mwiko mkononi, akidhani nyumba inaungua. Miaka tisa niliukanda mguu ule kwa mafuta ya nazi, kila jioni. Daktari wa mjini Yogya alisema tumeshachelewa. Na wewe umemponya ukiwa umekaa kitini.

Barua yako niliisoma. Mahali pengine sikuielewa, umeandika kama mtu mwenye homa. Unasema yule ni mtoto wa watu. Nduk, mama humjua mtoto wake hata akipona.

Siku elfu ilipita. Sikupika. Jiwe fundi amelichonga jina la marehemu mwingine, mzee wa kijiji cha jirani, na ni vizuri halikupotea bure. Baba yako mkubwa haji tena hapa. Alikuja mara ya mwisho na imamu, wakakaa barazani wananitazama tu. Niliwaambia, mwaka jana mngeweza kunisikitikia, sasa kwa lipi? Mtoto mwenye miguu kama ile hawezi kubaki huko Cimahi na bata daima. Njia anaijua.

Lango la uani nimeliondolea komeo. Kitanda chake nimekianika. Limebaki jambo moja tu, na hilo nakuomba wewe. Unakumbuka kila mara tulimnunulia viatu jozi mbili, kubwa kwa ajili ya mguu wa kulia, ndogo kwa ajili ya wa kushoto, na kila jozi tukatupa kimoja. Sasa jozi moja itatosha. Nipimie miguu yake, yote miwili, uniandikie upesi, kabla hajaanza safari.

Mama yenu