Vidonge Alivyoviacha Baba Neema

Jumamosi. Ihanda, kijijini kwa mama mkwe, leo kuna baridi kali na upepo unaopasua midomo. Nimerudi Tunduma jioni hii macho yamevimba, na bado sijamaliza kulia.

Leo nimemwambia mama mkwe ukweli.

Kwa asiyejua: mume wangu Elia, Baba Neema, alikuwa fundi wa breki za malori hapa mpakani. Mtu wa nyama ya kitimoto kila jioni, na chipsi mayai juu yake. Mwaka jana alipimwa presha, ikakutwa juu sana, akaandikiwa vidonge vya kumeza kila siku. Mimi nikaamua kugeuza jiko lote. Nyama ikatoka, mafuta nikapunguza. Tukawa watu wa maharage, ugali wa dona, majani ya maboga na maparachichi kutoka kwao Ihanda. Wiki ya kwanza alinuna. "Mama Neema, umenifanya sungura," alisema, lakini alikula.

Na ilisaidia. Siwezi kulikana hilo hata leo. Tumbo lilipungua, akawa anapanda lori bila kuhema. Presha ikashuka. Nilijivuna mno. Niliandika humu humu kwenye ukurasa wangu kwamba shamba ni duka la dawa, na wengi mkanipongeza.

Halafu asubuhi moja akakiweka kile kikopo cha vidonge juu ya kabati, akaniuliza, "Hivi vya nini tena? Dawa yangu si wewe unaipika?"

Nikacheka.

Hicho kicheko ndicho kinachoniua. Sikumwambia aache. Lakini wala sikumwambia asiache. Muuguzi alikuwa ametuonya sote wawili kwamba vidonge vya presha havikatishwi bila daktari kusema, na nilimsikia kwa masikio yangu haya. Nilinyamaza kwa sababu nilifurahi. Niliona nimeshinda.

Miezi mitatu baadaye alianguka gereji, spana mkononi. Kiharusi. Alilala hospitalini siku mbili bila kutamka neno, ya tatu akafariki. Tukamzika kwao.

Tangu msiba watu wananiambia nilimtunza vizuri. Aliyesema zaidi ya wote ni mama mkwe. Alisimama hata kanisani akasema, "Mkwe wangu alimlisha mwanangu chakula cha uzima." Nilitamani ardhi inimeze.

Leo nimemkuta uani akichambua kahawa. Nikakaa chini nikamsaidia. Kisha nikasema harakaharaka kabla moyo haujageuka:

"Mama, Elia aliacha dawa. Nilijua, nikanyamaza."

Mikono yake ikasimama. Nilisubiri anifukuze. Ningeondoka bila kumlaumu.

"Hata mimi aliniambia," akasema.

Sikuelewa mara moja.

"Alikuja kuchukua maparachichi. Akaniambia, mama, nimepona, vidonge nimeacha. Nikapiga magoti hapo mlangoni kumshukuru Mungu. Sikumuuliza daktari amesemaje, mwanangu. Sikumuuliza."

Akajifunika uso kwa khanga. Muda wote huu alikuwa akinisifu mbele ya watu, na kila sifa ilikuwa ikimchoma yeye kama ilivyonichoma mimi. Tulilia palepale chini, magoti yetu yamegusana, kahawa imemwagika.

Hakusema amenisamehe. Nami sikumwambia hivyo. Sijui ni nani kati yetu angeanza.

Mboga hazikumuua mume wangu. Nataka hilo lieleweke. Bado nazila, na Neema nampikia hizo hizo, kwa sababu niliona kwa macho yangu zilivyomrudishia pumzi baba yake. Ila yale maneno ya duka la dawa nimeyafuta leo. Kama ulinisoma ukaacha vidonge vyako, nakuomba sana, rudi kwa daktari.

Nilipokuwa naaga, mama mkwe alinishika mkono. Aliniambia kichwa kinamgonga kila asubuhi tangu tulipozika, na hajaenda kupima.

"Naogopa kwenda peke yangu," alisema.

Jumatatu nampeleka hospitali, Vwawa. Nimeshamwomba jirani abaki na Neema. Tutakaa kwenye benchi, mama na mimi, na nitauliza kila kitu hadi muuguzi anichoke. Akiandikiwa dawa, nitamwomba aniruhusu nimpigie simu kila asubuhi kumuuliza kama amemeza.

Nadhani atakubali. Nadhani hata yeye anahitaji mtu wa kumuuliza.