Mheshimiwa Anachechemea

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na za mwanao aliyelala hapa mbele yangu, kitanda cha dirishani, wodi ya watoto. U hali gani? Kifua kimepoa, au bado unakohoa asubuhi? Na yule msimamizi wenu mkali wa kiwandani, bado anawahesabia dakika za kwenda msalani? Mimi mzima wa mwili. Moyo ndio sijui nikueleze nini.

Barua hii ataileta dereva wa lori la vitambaa. Simu ninayo, usinicheke, lakini yapo maneno ambayo kwenye simu yamenishinda mara tatu.

Nianze na mtoto. Upasuaji ulikwenda salama, kama nilivyokwambia. Kichwa cha mfupa wa paja kilikuwa kimeteleza kwenye nyonga, wakakishika kwa skrubu. Anakula. Jana alimtania muuguzi kwamba anatembea kama bata. Ila kama atakimbia tena, daktari hasemi. Kila nikimuuliza ananijibu tusubiri, na mimi nasubiri, nimekaa kwenye stuli, mikono hii ya kushona makochi haina cha kufanya.

Unakumbuka ulipomwacha kwangu alikuwa hasemi na mtu? Kilichomfungua mdomo ni ule mchezo wa farasi wa fimbo. Wasichana wa shuleni kwao wanapanda fimbo yenye kichwa cha farasi cha kitambaa, wanakimbia kwa mwendo wa farasi, wanaruka vizuizi, na waamuzi wanawapa alama. Mwanzoni nilicheka mpaka nikajichoma sindano. Kisha nikamshonea wake kwa mabaki ya mahameli ya kahawia, nikamjaza sponji, masikio nikayasimamisha kwa waya, manyoya ya shingoni nikayatoa kwenye pindo la pazia. Akamwita Mheshimiwa. Dada, sijawahi kushona kitu kikapendeza vile. Wateja waliokuja kuulizia makochi yao walikuwa wanamshika pua kwanza.

Kwa wasichana hao farasi ni kiumbe hai: anaumwa, ananuna, anachoka. Nami nikaingia mchezoni mzimamzima. Mwanao akirudi shule akaniambia Mheshimiwa leo kanuna, namwomba Mheshimiwa radhi. Kwa hiyo aliponiambia Mheshimiwa anachechemea, niliitikia kama kawaida. Nikamlaza kwenye meza ya kukatia, nikampima kwa futi, nikaifunga ile fimbo bendeji, nikamwandikia dawa. Mtoto akacheka. Baada ya siku nne akasema bado anachechemea, hasa kwenye ngazi. Nikabadilisha fimbo, nikaweka nyepesi. Wiki ya tatu akasema maumivu ya Mheshimiwa yanaanzia gotini yanapanda juu. Nikamwambia farasi wa mahameli hana goti. Hakucheka, nami nikaendelea kukata kitambaa.

Hayo ungenisamehe, ungesema tu mdogo wangu ni mjinga. Siyo yaliyonishinda kwenye simu.

Asubuhi ya mashindano ya hao farasi wa fimbo, nje ya ukumbi, alinishika mkono akasema si Mheshimiwa, ni yeye. Mguu unamuuma, hawezi kuruka. Alisema waziwazi hivyohivyo. Lakini mimi nilikuwa nimeshamchana Mheshimiwa manyoya, wazazi wengine wamemzunguka wanauliza fundi ni nani, na nilitaka wamwone akiruka. Nikamwambia avumilie, ni vizuizi vinane tu. Akaruka vitano. Cha sita kikamwangusha, na ile sauti aliyoitoa ninayo masikioni hadi sasa.

Nilikwambia alianguka ngazini. Nilikudanganya. Naye nilimfundisha aseme hivyo, ndani ya teksi, huku analia. Akasema hivyo kwa kila daktari, neno kwa neno, wala hajanitazama vibaya. Leo asubuhi nimemweleza daktari ukweli, pamoja na zile wiki tatu. Aliandika, akafunga faili, akasema angeletwa mapema mfupa usingeteleza kiasi kile. Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze.

Niliporudi kitandani nikamwambia mwanao kwamba na wewe nakuandikia. Akanisihi nisikuandikie, eti utamhamisha kwangu. Kisha akaniomba radhi kwa vile vizuizi vitatu alivyoshindwa kumaliza. Dada, mtoto yule ananiomba radhi mimi.

Omba ruhusa uje, hata ya siku mbili. Kama hutaki kuniona mwambie dereva, nitatoka wodini kabla hujafika, nikae nje getini. Mimi unifanye utakavyo. Ila yeye mwambie kwa mdomo wako kwamba hakukosa kitu. Mimi namwambia kila saa, haniamini.

Wasalimie wenzako mnaolala chumba kimoja, na kifua ukitunze.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Makochi