Soda Katika Sufuria Moja

Mjukuu wangu Chacha,

Shikamoo yako nimeipokea. Marahaba, ingawa umenizidi umri. Ndiyo taabu ya kuwa dada mdogo kabisa wa babu yako! Huku Gorong'a wote ni wazima, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Umenitania: "Bibi, wewe uliyeogopa hata kujibu darasani, unafanya nini kwenye ofisi ya ruzuku?" Ninaandaa bajeti za vikao vya kupatanisha watoto walioshtakiwa na watu waliowakosea. Wakipatana, mtoto harudi mahabusu.

Kikao changu cha kwanza kilikuwa cha Marwa, aliyeiba ndama. Kwenye bajeti niliandika mwenyewe: soda moja kwa kila mtu. Wazee wakazitazama chupa, hawakuzigusa. Mwenye ndama akauliza, "Tutapatanaje, kila mtu na chupa yake? Pombe ya kupatana hunywewa chungu kimoja!" Akainuka aondoke. Mama yake Marwa akaanza kulia.

Bosi wangu akaninong'oneza kwamba mfadhili anayetupa ruzuku ameidhinisha soda tu, si pombe. Nikaazima sufuria kwa jirani, nikamimina soda zote humo, nikaweka kikombe kimoja.

"We binti, hiyo pombe umeipika saa ngapi?" mzee mmoja akasema. Wakacheka. Mwenye ndama akaketi, akanywa, akampa Marwa kikombe.

Siku ile Marwa alilala kwao. Lakini mimi situlii, mjukuu wangu. Vikao vingine vinakuja, na bajeti iliyoidhinishwa bado inasema kila mtu na chupa yake. Nitafutie maneno ya kumwandikia mfadhili ili akubali kinywaji cha chombo kimoja, maana kumpigia simu bado naogopa.

Bibi yako mdogo,
Bhoke