Majivu Uliyoniambia ni Dawa ya Mfalme

Kwako Anselmi, mwenzangu wa mizinga, kama uko kwenu Burundi au uko njiani,

Ni mimi, yule mzee uliyekuwa ukimwita Mutama. Hali sikuulizi. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, wiki ya pili sasa, maana vidole hivi vimezoea shoka kuliko kalamu. Nikimaliza nitaomba karatasi ibandikwe Munanila, kule mpakani watu wenu wanakovukia tena kukimbilia huku mwaka huu. Atakayeisoma na asome. Mwenye la kuficha ni wewe, siyo mimi.

Kumbuka ulivyonikuta. Ulitoka kambi ya wakimbizi ya Mtabila kutafuta kibarua, ukanikuta porini nimefura kwa hasira, mzinga wangu mkubwa umepoteza mfalme na nyuki wanalia ovyo. Kuanzia kijijini kwetu mpaka Kasulu mjini hakukuwa na mtu mwenye mizinga mingi kunizidi, hilo hata wasionipenda wanalikubali. Lakini mzinga uliokosa mfalme ulikuwa unanishinda. Ukaniambia kwenu kuna dawa ya kumkuza nyuki mdogo mpaka awe mfalme. Nikakucheka. Ukapanda mtini kwenye mzinga na kifuko chako cha kitambaa.

"Mutama, geuka uangalie kule," ukasema. "Dawa hii haitaki macho ya mwenye nyuki."

Nikageuka. Mimi, ambaye hata mwenyekiti wa kijiji hanigeuzi! Haikupita wiki ya pili, mfalme akawepo, mrefu, tumbo limewapita wenzake wote.

Basi ikawa ndiyo desturi yetu. Kila mzinga ulipobaki yatima nilikuita, ukapanda, nikageuka. Miaka sita, Anselmi. Nilikuonyesha miti yangu yote, hata ile ya ng'ambo ya mto ambayo wanangu wa kuzaa hawaijui. Mke wangu alikuwa anakutengea ugali wa muhogo kabla hujapiga hodi. Tukirudi tulitafuna masega njiani, wewe ukisema Kiha changu ni Kirundi kilichokosa shule, mimi nikikujibu Kirundi chako ni Kiha kilichopotea njia. Sijacheka hivyo na mtu mwingine.

Kambi ilipofungwa mwaka 2012 na mkawa mnarudishwa kwenu, ulikuja asubuhi na kopo la unga wa kijivu. Ninyunyize kidogo tu, ukasema, nisichungulie. Ukanikumbatia, nikatoa machozi, na unajua mimi si mtu wa machozi.

Nikanyunyiza. Mzinga wa kwanza uliokosa mfalme ukafa, nondo wakala masega yote. Nikanyunyiza wa pili. Ikafika saba. Nikadhani mkono wangu una kasoro. Mke wangu akasema labda ni dawa yenyewe. Nikamkaripia kwa ajili yako, siku mbili hatukusemeshana.

Mwaka jana akaja afisa nyuki, binti wa Songea, kutufundisha pale ofisi ya kata. Nilikwenda ili nimfundishe yeye. Alianza kwa kusema mfalme ni jike, aitwe malkia, hilo nilimwachia. Halafu akasema yai linalotoa malkia na yai linalotoa nyuki kibarua ni yai lilelile. Nikasimama nikamwambia mwili mkubwa unaletwa na dawa, na dawa ninayo, nikaliweka kopo mezani. Akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Mzee, haya ni majivu."

"Kumbe miaka yote anawaungia nyuki mlenda kwa majivu," akasema jirani yangu Yohana kutoka nyuma. Walicheka mpaka mtendaji akatoka ofisini kuuliza kuna nini.

Yule binti hakucheka. Alinieleza taratibu. Ndani ya kila buu la nyuki kuna maandishi ya urithi, na kwa malkia na kibarua ni yaleyale. Chakula ndicho kinachofungua mengine na kuyafunika mengine. Buu likilishwa maziwa ya nyuki, ule ute mweupe wanaoutoa nyuki walezi, tangu mwanzo hadi mwisho, ndani ya chumba kipana, homoni inapanda mwilini mwake, nayo inauamuru mwili urefuke na mayai yakomae. Likiachishwa mapema maziwa hayo, linabaki kibarua. Nyuki wenyewe hufanya kazi hiyo wakikosa malkia, ilimradi wawe na mabuu machanga. Mzinga usio nayo unakatiwa kipande cha sega chenye mabuu kutoka mzinga mwingine. Basi.

Kipande cha sega. Nikakiona kifuko chako.

Nilimuuliza kwa nini mtu anifiche jambo dogo hivyo. Akasema, "Labda aliogopa, mzee. Ungejua mwenyewe, yeye angekuwa na kazi gani tena kwako?"

Hapo ndipo uliponichoma. Mizinga saba nimeshaizika. Lakini miaka sita ulikula chunguni mwangu huku ukiniweka kwenye kundi la watu watakaokufukuza wakishapata walichotaka! Hata siku ya kuondoka, wakati huna tena cha kupoteza kwangu, ukanipa majivu badala ya maneno mawili ya kweli.

Najua utasema na mimi nilijitapa kijijini kwamba dawa ni yangu, jina lako nikalimeza. Ndiyo, nililimeza. Kosa hilo naliandika mara moja, usiningojee nilirudie.

Sasa sikia nilichofanya. Nimekata sega kwa mkono wangu, macho wazi, na malkia wametoka. Nimewafundisha wote, hata Yohana na mdomo wake, na kila mara nataja kwamba wa kwanza kulifanya mbele yangu, au tuseme nyuma yangu, ni Anselmi wa Mtabila. Siri yako haina kazi tena hapa. Hata watoto wa shule wanaijua. Ukija leo huna cha kunipa, na mimi sina ninachokihitaji kwako.

Njoo hivyohivyo, mikono mitupu, tuone kama nitakufukuza.

Ni mimi mwenzako wa porini, niliyekukasirikia,
Mutama