Nyigu Juu ya Mtoto wa Kornelia

Getruda, huwezi kuamini yaliyompata jirani yetu Kornelia leo hapa Maretadu!

Alimlaza mtoto kivulini chini ya ukuta wa nyumba, akawa anapukuchua mahindi. Nyigu akapita ukutani akiburuta buibui. Nyigu mwingine akamvamia, wakamgombania huyo buibui mpaka wakaangukia kifuani kwa mtoto. Kifuani, Getruda!!

Kornelia akainua kanga awapige. Mama mkwe wake akamdaka mkono: "Acha! Watamchoma!"

Yule nyigu mwizi akaondoka na buibui. Aliyeibiwa akabaki anazunguka akimtafuta buibui wake. Shavuni. Mdomoni kabisa!

Mwishowe nyigu akaruka, akaenda zake.

Mtoto hata hakuamka. Aliyelia ni Kornelia, na mama mkwe naye akalia. Mpaka sasa hakuna anayekubali kumweka mtoto chini.