Muthokoi kwa Kina Kioko

Mwende wangu,

Huku Kilungu ukungu hautoki mpaka saa nne, na naupenda hivyo hivyo. Asubuhi nilimtumia Kioko, developer mwenzetu wa huku, code yangu ya kupima machungwa ya wakulima aikague. Kabla chai yake haijapoa akaandika, "Iko sawa." Nikafurahi kweli. Wewe ungenirudishia na komenti chungu nzima.

Mchana mamake akatupakulia muthokoi, mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe. Nikasema, "Tamu sana, mama," kijiko kikiwa bado mkononi.

"Umeonja saa ngapi?" akaniuliza.

Kioko alicheka sana, halafu macho yetu yakakutana. Akasukuma sahani kando, akafungua laptop na kuisoma tena code yangu, safari hii mstari kwa mstari. Kumbe nilikuwa natoa uzito wa kreti tupu mara mbili. Kila mkulima angepunjwa.

Muthokoi ni tamu, sasa naongea nikiwa nimeonja. Nitakuletea kilo mbili upike. Na zile komenti zako ndefu nilizokuwa nanunia, usipunguze hata moja. Nimejua ni nani huwa ananisoma.

Nakumiss,
Ndanu